Tiba ya Mzio wa Sumu ya Nyuki na Nyigu: Namna ya Kuianza na Kuifikisha Mwisho

Mtu aliyezimia baada ya kuumwa na nyuki mmoja tu, akawahishwa hospitali na kupona, mara nyingi huruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na ushauri mfupi: ajiepushe na nyuki. Ushauri huo si wa kupuuzwa, lakini haujitoshelezi, kwa kuwa mdudu haombi ruhusa kabla ya kuuma, na hakuna awezaye kuishi miaka yake yote akikwepa bustani, miti yenye maua na madirisha yaliyo wazi. Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi ni kwamba mzio huu una tiba, na kwamba miongoni mwa mizio inayotibiwa kwa kuuzoesha mwili kile unachokikataa, huu ndio unaoitikia vizuri zaidi. Kati ya watu waliotibiwa kwa sumu ya nyuki, asilimia 77 hadi 84 hawapati tena madhara ya mwili mzima wanapoumwa. Kwa sumu ya nyigu kiwango hicho hufikia asilimia 91 hadi 96.

Dawa yenyewe ni sumu ya mdudu aliyekuuma. Unadungwa chini ya ngozi kiasi kidogo mno, kisha kiasi hicho kinaongezwa hatua kwa hatua hadi kufikia dozi kamili, na dozi hiyo inarudiwa kwa vipindi maalumu kwa miaka isiyopungua mitatu. Katika muda huo kinga ya mwili hubadilisha mwenendo. Mwanzoni mwili wa mgonjwa una kingamwili za IgE, zile zinazochochea mzio, zilizojishikiza kwenye seli za masti, ambazo ni seli za kinga zinazoanzisha dalili za mzio, na sumu inapoingia, seli hizo humwaga histamini na kemikali nyingine kwa mkupuo. Tiba inapoendelea, seli hizo hupungua wepesi wa kushtuka, seli za kinga zinazotuliza wenzake huongezeka, na kingamwili za aina ya IgG4 huzalishwa kwa wingi na kuidaka sumu kabla haijazifikia IgE.

Historia ya tiba hii ina funzo ambalo bado lina manufaa. Kwa miongo kadhaa ya karne iliyopita, kuanzia mwaka 1930, madaktari walitumia dawa iliyotengenezwa kwa kusaga mwili mzima wa mdudu, nao waliamini kwamba inafaa. Mwaka 1978 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani walilinganisha makundi matatu ya wagonjwa, kisha wakawaumisha kwa wadudu hai chini ya uangalizi. Kati ya 18 waliopewa sumu halisi, ni mmoja tu aliyepata madhara ya mwili mzima. Kati ya 11 waliopewa dawa ya mdudu aliyesagwa walipata 7. Na kati ya 12 waliopewa dawa bandia, yaani sindano isiyo na dawa ndani, walipata 7 pia. Kwa maneno mengine, dawa iliyotumiwa kwa karibu nusu karne haikuwa na nguvu kuliko maji. Kwa hiyo unapoanza matibabu ya mzio wa nyuki au nyigu, una haki kabisa ya kuuliza iwapo kichupa kina sumu iliyosafishwa, na sumu ya mdudu yupi.

Je, tiba hii inakuhusu?

Si kila anayevimba ana mzio unaohitaji tiba ya miaka. Uvimbe mwekundu unaouma na kuwasha mahali ulipoumwa, ukatoweka baada ya siku moja au mbili, ni jambo la kawaida kwa kila binadamu. Wapo wanaovimba sana, uvimbe ukapita sentimita 10 na kudumu zaidi ya saa 24, pengine mkono mzima ukajaa kutoka kidoleni hadi kwenye kiwiko. Hali hiyo inatisha na inatesa, ila hatari ya mtu huyo kupata madhara ya mwili mzima siku nyingine ni ndogo, na kwa kawaida hatibiwi kwa sindano hizi, isipokuwa pale ambapo anaumwa mara kwa mara kiasi cha kuvurugikiwa na maisha.

Tiba hii inawalenga wale ambao sumu iliwatoka mahali pa jeraha na kuushika mwili wote: mabaka yanayowasha mwili mzima, midomo au ulimi kuvimba, sauti kukauka, kifua kubana na pumzi kutoa mluzi, kutapika, kizunguzungu, presha kushuka, kupoteza fahamu. Hali hiyo ikifikia kugusa pumzi au mzunguko wa damu huitwa anafilaksisi, na mtu yeyote aliyewahi kuipata kwa kuumwa na nyuki au nyigu anapaswa kupelekwa kwa daktari bingwa wa mzio bila kusubiri aumwe tena. Kwa aliyepata mabaka ya ngozi peke yake, uamuzi huwa mwepesi kidogo: mtoto wa namna hiyo kwa kawaida hahitaji tiba, kwa sababu hatari ya kupata jambo zito zaidi baadaye ni ndogo, ilhali mtu mzima hupimwa kwa kuangalia kazi yake, umbali wake na hospitali, magonjwa mengine aliyonayo, na hofu anayoishi nayo. Hofu hiyo isichukuliwe kama udhaifu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wapo wagonjwa ambao tangu siku ile hawajathubutu tena kuketi nje. Kwao tiba inaweza kutolewa ili kuwarudishia maisha tu, hata kama hatari yenyewe si kubwa.

Kuna jambo moja la kutenganisha hapa. Mtu aliyevamiwa na kundi la nyuki akaumwa mara mia anaweza kufa kwa wingi wa sumu peke yake bila kuwa na mzio wowote. Hiyo ni sumu, si mzio, na tiba ya kinga haikusudiwi kumlinda mtu dhidi ya kundi zima.

Anza kwa kukusanya ushahidi

Daktari atakuuliza swali ambalo wengi hulijibu kwa kubahatisha: aliyekuuma alikuwa nyuki au nyigu? Jibu lina uzito, kwa kuwa sumu zao ni tofauti, na kutibiwa kwa sumu ya nyigu hakukulindi dhidi ya nyuki. Ushahidi bora huachwa na mdudu mwenyewe. Mwiba wa nyuki wa asali una vimeno vilivyopinda kurudi nyuma, kwa hiyo nyuki anapojaribu kuruka, mwiba hubaki kwenye ngozi pamoja na kifuko cha sumu. Ukitazama kwa karibu utaona kama unywele mweusi uliosimama, na juu yake kitu kidogo cheupe chenye ung'avu kama chembe ya nta, ambacho kinaendelea kunywea na kutanuka chenyewe, kikisukuma sumu ndani hata baada ya nyuki kwenda zake. Papo hapo hutoka harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, ambayo ni ishara ya hatari kwa nyuki wengine, nayo huwaita waje kuuma palepale. Nyigu ana mwiba laini, huuma na kuuchomoa, naye anaweza kuuma tena na tena. Ni mara chache mno kuukuta mwiba wake ngozini.

Ukiukuta mwiba, utoe mara moja kwa namna yoyote iliyo karibu, kwa ukucha au kwa vidole. Watu wamefundishwa sana wasiubane bali waukwangue kwa kitu bapa, na wengine hupoteza dakika nzima wakitafuta hicho kitu bapa. Kinachopunguza sumu ni haraka, kwa sababu sehemu kubwa ya sumu huingia katika sekunde chache za kwanza. Kisha ondoka mahali hapo.

Baada ya hali kutulia, andika yote ungali unakumbuka. Andika ulikuwa wapi na ukifanya nini, kwani anayeumwa karibu na mzinga au maua kuna uwezekano mkubwa aliumwa na nyuki, na anayeumwa akila nje au karibu na taka zenye vitu vitamu huenda ni nyigu. Andika ilichukua dakika ngapi hadi dalili ya kwanza, dalili zilifuatana vipi, kama ulikuwa umetumia dawa yoyote siku hiyo au umetoka kufanya kazi ngumu, na ulipewa matibabu gani. Kama mdudu aliuawa, mweke kwenye kikasha kidogo uende naye. Mwombe pia aliyekuwa nawe akueleze alichokiona, maana mtu aliyezimia hawezi kuwa shahidi wa kuzimia kwake. Jambo moja lisilosahaulika kuulizwa na daktari mzuri: je, ulizimia bila ngozi kuwa na baka hata moja? Presha inayoporomoka huku ngozi ikiwa safi inaweza kuashiria ugonjwa wa seli za masti, ambao tutaurudia.

Vipimo, na namna ya kuvielewa

Vipimo hufanywa vyema wiki nne hadi sita baada ya tukio. Ukipimwa mapema mno, kingamwili zinaweza kuwa zimetumika katika lile shambulio na kipimo kikaonyesha huna mzio ilhali unao; kwa hiyo jibu la kutokuwa na mzio lililopatikana katika siku za mwanzo lisikutulize, bali lirudiwe. Kwa kipimo cha ngozi, tone la sumu iliyozimuliwa huwekwa kwenye mkono na ngozi ikachomwa kidogo juu yake. Kama hakuna badiliko, kiasi kidogo hudungwa ndani ya ngozi kwa nguvu inayoongezwa hatua kwa hatua. Dawa za antihistamini, yaani za kuzuia histamini na kutuliza mzio, huzima matokeo hayo, kwa hiyo uliza mapema uache kuzitumia siku ngapi kabla. Kipimo cha damu hutafuta IgE dhidi ya sumu ya nyuki na ya nyigu.

Mara nyingi kipimo hujibu kwamba mgonjwa ana mzio wa vyote viwili, hata kama aliumwa na mmoja tu. Huenda ni kweli, na huenda ni kwa sababu sumu zote mbili zina molekuli za sukari zinazofanana, ambazo hukamatwa na kingamwili bila kuleta madhara yoyote kwa mtu. Hapo ndipo vipimo vya protini moja moja vinaposaidia: Api m 1 na Api m 10 kwa upande wa nyuki, Ves v 1 na Ves v 5 kwa upande wa nyigu. Protini hizi zinapopimwa zikiwa peke yake, bila zile sukari, huonekana wazi mwili unapigana na nani. Pale isipowezekana kutofautisha, mgonjwa hutibiwa kwa sumu zote mbili, kila moja kwa kichupa chake na kwenye mkono wake.

Usikubali kutishwa wala kufarijiwa na ukubwa wa namba ya IgE. Namba kubwa haimaanishi shambulio kubwa, na namba ndogo imewahi kukutwa kwa watu walionusurika kufa. Vilevile wapo watu wazima wengi wenye IgE ya sumu hizi katika damu ambao hawajawahi kudhurika, ndiyo maana haifai kumpima mtu asiye na historia yoyote eti kwa tahadhari. Utampatia ugonjwa wa karatasi.

Kipimo ambacho binafsi ningesisitiza kisikosekane kwa mtu mzima aliyepata anafilaksisi ni cha triptasi, kimeng'enya kinachotoka katika seli za masti, kikipimwa siku ambayo mtu ni mzima. Kiwango kinachozidi mikrogramu 11.4 kwa lita kinamlazimu daktari kuchunguza zaidi, hasa ugonjwa uitwao mastositosisi, ambapo seli za masti zimezidi mwilini na huenda zikahitaji kutafutwa hadi kwenye uboho. Mgonjwa wa namna hiyo anaihitaji tiba ya kinga kuliko mtu mwingine yeyote, na kwa kawaida huendelea nayo maisha yake yote.

Mambo ya kumweleza daktari kabla ya sindano ya kwanza

Pumu isiyodhibitiwa huahirisha tiba hadi itulie. Saratani inayoendelea na magonjwa ya kinga kujishambulia yaliyochachamaa huhitaji kupimwa kwa makini, na mara nyingi tiba husubirishwa. Mjamzito haanzishiwi tiba. Lakini aliyekwisha kufikia dozi kamili na kuivumilia vizuri kabla ya mimba huendelea nayo, kwa sababu anafilaksisi ni hatari kubwa kwa mama na mtoto kuliko sindano aliyoizoea.

Taja kila dawa unayomeza. Dawa za moyo na presha za kundi la beta bloka zinaweza kuidhoofisha adrenalini, dawa ya dharura ya anafilaksisi, wakati inapohitajika, na zile za kundi la ACE nazo huhitaji kujadiliwa. Zamani mgonjwa anayezitumia alikataliwa moja kwa moja. Leo madaktari wengi hupima hatari ya pande zote mbili, na pengine huendelea na tiba bila kuziondoa. Usiziache kwa uamuzi wako ili upokelewe, kwani moyo ulioachwa bila dawa yake unaweza kukuua kabla ya nyuki.

Kupandisha dozi

Dozi inayolengwa kwa wengi ni mikrogramu 100. Ili namba hiyo iwe na maana, ilinganishe na mdudu mwenyewe: nyuki mmoja wa asali huingiza takribani mikrogramu 50 hadi 140, ilhali nyigu wa kawaida huingiza kati ya mbili na tatu hivi. Kwa hiyo aliyefikia dozi kamili ya nyigu huwa anavumilia sumu ya nyigu zaidi ya thelathini kwa mkupuo, wakati aliyefikia dozi ya nyuki anavumilia nyuki mmoja au wawili. Tofauti hiyo inaeleza kwa sehemu kwa nini tiba ya nyigu hufanikiwa zaidi, na kwa nini mfugaji wa nyuki, au mtu ambaye dozi ya kawaida haikumlinda, anaweza kuongezewa hadi mikrogramu 200.

Safari ya kutoka sehemu ndogo ya mikrogramu hadi 100 ina njia kadhaa. Njia ya kawaida ni sindano moja kila wiki, nayo huchukua wiki nyingi hadi miezi michache. Ipo njia ya makundi, ambapo hudungwa sindano kadhaa katika ziara moja na ziara zikatenganishwa kwa wiki moja au mbili. Ipo pia njia ya haraka inayofanyika hospitali kwa siku chache, na ile ya haraka zaidi inayomaliza kazi kwa siku moja au mbili. Ukiishi mbali na kituo, au msimu wa wadudu ukiwa umekaribia, njia za haraka zina faida iliyo wazi, maana kinga huanza kupatikana mara tu dozi kamili inapofikiwa. Nyuki ndiye mwenye maudhi katika hatua hii: sumu yake huleta madhara mara nyingi zaidi kuliko ya nyigu, na kwa mgonjwa wa nyuki aliyewahi kupata shambulio zito mimi ningependa kumwona akipandishiwa dozi mahali penye kitanda, oksijeni na watu waliozoea kazi hiyo.

Siku ya sindano

Usiende ukiwa na homa, kikohozi kipya au kifua kinachobana. Piga simu uahirishe. Wengi huelekezwa kumeza antihistamini kabla ya sindano wakati wa kupandisha dozi, ambayo hupunguza kuwasha na uvimbe.

Muuguzi ataanza kwa kuuliza ulionaje baada ya sindano iliyopita: uvimbe ulikuwa mkubwa kiasi gani, ulidumu hadi lini, kuna chochote kilichotokea nyumbani? Jibu kwa ukweli hata kama unahofia kurudishwa nyuma, kwa sababu dozi ya leo inategemea jibu hilo. Kisha atasoma kwa sauti jina lako, aina ya sumu na nguvu ya kichupa. Soma pamoja naye. Vichupa hivi hufanana, hutofautiana kwa rangi ya kifuniko au tarakimu ya nguvu, na makosa mengi ya tiba hii huanzia hapo, kwa kushika kichupa chenye nguvu mara kumi ya kilichokusudiwa. Ukiona rangi au namba usiyoitarajia, sema kabla sindano haijaingia. Hakuna muuguzi makini atakayekasirika.

Sindano hudungwa upande wa nje na nyuma wa mkono, juu ya kiwiko, chini ya ngozi na si kwenye msuli. Anainua mkunjo wa ngozi, anaingiza ncha, anavuta kidogo kuhakikisha hakuna damu inayopanda kwenye bomba, kisha anasukuma polepole. Utahisi moto kidogo, baadaye kiuvimbe chenye kuwasha. Hapo pasisuguliwe.

Baada ya hapo unakaa kituoni dakika 30 zisizopunguzwa, na zaidi ikiwa dozi inapandishwa kwa haraka. Najua nusu saa hiyo huchosha, hasa mwaka wa pili ambapo hakuna kilichowahi kukutokea, na ndipo watu huanza kuaga baada ya dakika kumi. Madhara mazito huanza mara nyingi ndani ya muda huo. Viganja vikiwasha, uso ukipata joto, koo likikwaruza, au ukipatwa na hisia isiyoelezeka kwamba jambo baya linakuja, mwite mtu papo hapo bila kuona haya. Siku iliyobaki acha mazoezi mazito, pombe na kuoga maji ya moto sana, kwa kuwa yote hayo huharakisha sumu kuingia kwenye damu.

Uvimbe mkononi huwapata karibu wote, nao hutulizwa kwa barafu na antihistamini. Madhara ya mwili mzima huwapata wagonjwa kati ya asilimia 8 na 20 hivi katika kipindi cha tiba, mengi yakiwa mepesi. Yakitokea, dozi hupunguzwa kisha ikapandishwa tena. Mgonjwa asichukulie kwamba ameshindwa. Kwa wachache ambao hawawezi kabisa kupanda, sindano za omalizumabu, dawa inayoifunga IgE, zimetumiwa kuwafungulia njia.

Miaka ya kudumisha

Ukishafikia dozi kamili, kazi iliyobaki ni ya kalenda. Kwa kawaida sindano hutolewa kila wiki 4 katika mwaka wa kwanza, kila wiki 6 katika mwaka wa pili, na kila wiki 8 kuanzia mwaka wa tatu. Wengi hukamilisha miaka mitano, na miaka mitatu ndiyo kiwango cha chini. Ukichelewa kwa safari au ugonjwa, usijifiche kwa aibu na usidai dozi ileile; kuchelewa kwa wiki chache hurekebishwa kwa kupunguza dozi kidogo na kuirudisha, ilhali kupotea kwa miezi kunaweza kukurudisha mbali. Muulize mapema mtaalamu wako ufanyeje ukihama mji, na daftari la dozi zako libaki mkononi mwako, likiwa na tarehe, nguvu ya kichupa, kiasi na kilichofuata.

Muda wote huo kalamu ya adrenalini, yaani sindano ya kujidunga mwenyewe, isiachwe nyumbani. Kabla ya dozi kamili haina mjadala, kwa sababu bado huna kinga. Baada ya dozi kamili, madaktari hutofautiana kuhusu nani aendelee kuibeba, lakini mwenye mastositosisi, aliyepata shambulio zito la mwanzo, aliyepata madhara ya mwili mzima kwa sindano mojawapo, mfugaji wa nyuki na anayeishi mbali na hospitali hawana sababu ya kuiacha. Kalamu ya mtu mzima huwa na miligramu 0.3 na ya mtoto mdogo miligramu 0.15. Ihifadhi kwenye joto la kawaida la chumba, si kwenye friji wala ndani ya gari lililoegeshwa juani, na uitazame mara kwa mara: dawa iliyobadilika rangi au kupitwa na tarehe ibadilishwe.

Dalili za mwili mzima zikianza, idunge upande wa nje wa paja, katikati, hata kupitia nguo. Lala chali na miguu ikiinuliwa; ikiwa pumzi ndiyo inayokusumbua, keti umeegemea; mjamzito alalie ubavu wa kushoto. Usisimame na usikubali kutembezwa kwenda kwenye gari, kwani watu wamekufa kwa kuinuliwa ghafla wakati presha imeshuka. Mwenzako apige simu ya dharura, na kama hakuna nafuu, dozi ya pili hutolewa baada ya dakika 5 hadi 15. Antihistamini haizuii koo kuziba wala hainyanyui presha. Isitangulizwe badala ya adrenalini.

Kujua kama imefanya kazi, na wakati wa kuacha

Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kukuhakikishia kwamba umelindwa. Ngozi inaweza kuendelea kuonyesha mzio kwa mtu aliyelindwa vizuri, na IgE inaweza kushuka kwa mtu ambaye bado yuko hatarini. Uthibitisho wa kweli ni kuumwa, ama kwa bahati mbaya ama kwa makusudi hospitalini, ambapo mdudu hai huwekwa juu ya ngozi ndani ya kikombe kidogo kilichofunikwa, mrija wa dawa ukiwa umewekwa tayari kwenye mshipa na madaktari wakiwa pembeni. Vituo vinavyofanya jaribio hilo humfanyia mgonjwa aliyefikia dozi kamili. Ambaye anapata madhara huongezewa dozi, na wengi wao hulindwa baada ya hapo. Wagonjwa husema usiku wa kuamkia jaribio ni mrefu, na asubuhi inayofuata wanashangaa kuona kidonda kidogo tu.

Uamuzi wa kuacha baada ya miaka mitatu hadi mitano hufanywa pamoja na daktari. Wanaoshauriwa kuendelea bila kikomo ni wenye mastositosisi, waliopoteza mapigo ya moyo au kupumua katika shambulio la kwanza, na waliopata madhara ya mwili mzima wakati wa tiba yenyewe. Kwao sindano inaweza kutenganishwa hadi wiki 12. Wengine wengi hubaki wamelindwa baada ya kuacha, ingawa kinga ya baadhi yao hufifia kadiri miaka inavyopita, zaidi kwa waliotibiwa kwa sumu ya nyuki. Kwa hiyo siku ya sindano ya mwisho omba karatasi mbili: muhtasari wa tiba yako wenye aina ya sumu na tarehe, na cheti kipya cha dawa ya kalamu ya adrenalini. Ukiumwa baadaye na usipate chochote zaidi ya uvimbe, iandike tarehe hiyo kwenye daftari lilelile. Ukipata hata mabaka machache mbali na jeraha, rudi upimwe upya ndani ya wiki chache, kwa kuwa tiba inaweza kuanzishwa tena.